Vibanzi Chini ya Kucha

Ulimi hauna mfupa. Kwa kuwa hauna, hupinda upendavyo, na neno likishatoka halirudi tena kinywani, hata mwenye nalo alie machozi ya damu. Waliojifunza hilo kwa uchungu ni mke na mama wa fundi mmoja wa rangi.

Fundi huyo alikuwa mrefu hata wenzake wakambandika jina la Mlingoti, wakimtania kwamba hupaka dari bila ngazi. Nyumba za watu alizipaka zikang'aa, ila chumba chake mwenyewe kilikuwa kimebambuka rangi miaka nenda miaka rudi. "Kesho, mke wangu," ndio ulikuwa wimbo wake. Asubuhi moja mkewe alikuwa akikung'uta magamba ya rangi kitandani, uvumilivu ukamwishia.

"Haya, nenda kapake za watu! Na ukienda, usirudi!"

Mlingoti alicheka, akabeba ndoo yake, akaenda zake. Mama yake, aliyeishi nao, aliyasikia yote akiwa jikoni.

Kabla ya adhuhuri ikaja habari kwamba Mlingoti ameanguka kutoka ghorofa ya nne ya jengo alilokuwa akilipaka, na hayupo tena duniani. Msimamizi wa ujenzi aliwaapia polisi kwamba aliona kwa macho yake.

"Aliruka mwenyewe. Si mmeona alivyotua kwa miguu? Aliyeteleza angetanguliza kichwa."

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla ya maiti kufika hospitali. Mama wa marehemu akamgeukia mkaza mwana wake. "Umemsukuma wewe! Ulimi wako ndio uliomuua mwanangu. Mazishini usikanyage!"

Mke hakujitetea, kwa sababu na yeye aliamini hivyo hivyo. Alijikunyata katika kile chumba kilichobambuka, akijilaani usiku na mchana.

Bahati nzuri, daktari aliyeuchunguza mwili wa marehemu hakuwa mtu wa kusadiki vya kuambiwa. Alipomaliza kazi yake aliwaita wote wawili ofisini. Walikaa wameacha kiti kitupu katikati yao.

"Ni kweli alitua kwa miguu," daktari alisema taratibu. "Visigino vyote viwili vimepasuka, na uti wa mgongo umebonyea huku chini."

Mke akaangua kilio. Mama mkwe akamtupia jicho la kumwambia, nilijua mimi.

"Sijamaliza, mama," daktari alisema. "Kucha zake nyingine zimeng'oka, na chini ya zilizobaki mna vibanzi vya mbao. Kidevu kimechubuka, na mikono pia, kwa upande wa ndani. Misuli ya mabega imechanika. Mwanao alishika ubao akaning'inia. Mtu akining'inia, mikono ikichoka, hutangulia miguu. Anayetaka kufa hashiki namna hii."

Polisi walirudi kwenye jengo. Chini ya magunia ya saruji wakaukuta ubao wa jukwaa walilosimamia mafundi, umeoza, umevunjika vipande viwili, na alama za vidole za rangi nyeupe kwenye ncha. Mafundi walikuwa wamelalamika juu ya ubao huo zaidi ya mara moja. Msimamizi, aliyekuwa na maneno kama cherehani, akatiwa pingu kwa kuuficha ubao na kusema uongo.

Mama mkwe alishikwa na haya. Alimfuata mkaza mwana wake chumbani, akapiga magoti.

"Nisamehe, mwanangu. Nilisema kwa uchungu. Nayarudisha maneno yangu."

"Inuka, mama. Nimekusamehe, uchungu wako naujua." Mke alipitisha kiganja ukutani, magamba ya rangi yakadondoka miguuni pake. "Lakini mimi yangu nitayarudisha kwa nani? Nilimwambia asirudi. Naye alishikilia ule ubao mpaka kucha zikang'oka, ili arudi."

Walikumbatiana wakalia hadi sauti zikawakauka, na siku ya mazishi walitembea wameshikana mikono.

Mwongo alifungwa, na jina la mke likasafishwa mbele ya watu. Neno lake la asubuhi ile halikusafishika. Hakika, ulimi hauna mfupa.