Mwatumu Msusi na Nywele za Zimwi

Paukwa!
Pakawa!
Kitana!
Cha msusi!
Na zimwi je?
Lipite mbali!

Basi, hapo kale palikuwa na msusi, jina lake Mwatumu. Alipenda kusuka kweli kweli. Husuka huku akiimba, husuka huku akicheka, husuka huku akiwatania wateja. Jua likipinda, huweka kitana chini. "Jamani, mume wangu ana njaa, na mimi pia!"

Siku moja, shoga yake Riziki alikuwa aolewe kesho yake, na Mwatumu amemwahidi kumsuka. Alfajiri Mwatumu akaenda kisimani. Akamkuta bibi kizee asiyemjua, nywele zimemfika visiginoni, zanukia udi.

"Mwanangu, nisuke. Mstari mmoja tu."

Akasuka. Mstari ukang'aa kama fedha! Moyo ukamruka kwa furaha.

"Mstari mmoja tu, mwanangu."

Akasuka. Huo ukang'aa kama dhahabu!

Mumewe Makame akaja kumtafuta. "Mke wangu, uji unapoa."

"Tangulia, nakuja."

Hakuja.

"Mstari mmoja tu, mwanangu."

Jua likapanda, jua likapinda, jua likaanza kushuka. Mwatumu hakula, hakunywa, hakumkumbuka mtu.

Basi Riziki akaja mwenyewe, nywele timtim. "Shoga! Naolewa kesho, nawe uko huku?"

"Namaliza."

Riziki akamtazama. Mashavu yamebonyea, macho yamekauka. "Mwatumu, hebu imba."

Akafumbua kinywa. Wimbo haukutoka.

"Basi cheka."

Midomo ikagoma.

"Basi acha!"

Vidole vikakataa. Vinasuka vyenyewe!

Hofu ikamwingia. Siku zote kusuka humpa nguvu. Mbona leo kumemnyonya? Akapasua nywele za kisogoni mwa yule bibi, na loo! Kinywa! Meno kama mashoka! Kumbe bibi ni zimwi, na kila mstari ulikuwa ukikipanua kile kinywa kidogo kidogo, kije kimmeze.

Riziki akageuka akimbie.

"Usiniache, shoga!" Mwatumu akalia. "Shika nywele hizi, zivute!" Riziki akarudi, akazishika, akazivuta.

Vidole havitaki kuacha? Basi navisuke anapotaka Mwatumu. Akaunganisha nywele za juu ya kile kinywa na za chini yake. Akasuka, akakaza. Akasuka, akakaza. Akasuka, akakaza!

"Mmmh! Mmmmh!" Zimwi likaruka juu, likatimua mbio, nywele zikifagia njia, likatokomea msituni.

Vidole vikalegea. Mwatumu akakaa chini pu! akacheka mpaka machozi. Riziki naye akacheka. Wakarudi nyumbani wameshikana, na uji ule uliopoa Mwatumu akaumaliza wote.

Asubuhi akamsuka bibi harusi, akiimba kwa sauti kubwa. Wanawake wakamwambia, "Kitupe hicho kitana, kitakuua!"

"Kitana kina kosa gani? Nitasuka mpaka nizeeke. Lakini mkiona nimeacha kuimba, nishikeni mkono."

Ngoma ikaanza. Mwalikwa mmoja akavua mtandio. "Mwatumu, nisuke na mimi!"

"Keshokutwa, dada! Leo nacheza!" Akaingia uwanjani, vumbi likatimka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Utamu wake gawaneni, uchungu wake liachieni zimwi. Nanyi wanangu, shikeni hili: ukipendacho kikikuachia nafasi ya kula, kucheka na kukaa na wenzako, kipende sana. Kikikukausha huku kikikwambia "mmoja tu," tazama kisogoni, kina meno.