Redio Imenyamaza

Wapo wanaodhani jambo likinyamaza limekwisha. Fundi bati alikuwa mmoja wao, na dhana hiyo nusura imnyang'anye mama.

Asubuhi hiyo alikuwa amevimba kichwa. Jiko alilolibuni kwa kopo la rangi, akalitoboa matundu chini, akalijaza vijiti na magunzi na kuliwasha kwa juu, lilichemsha maji bila moshi. Tena halikuacha jivu tupu, bali makaa mepesi ya kurutubishia bustani ya mkewe.

"Yamwagie maji mengi, mwanangu," mama yake aliagiza kutoka chumbani. Miguu ilikuwa imemgomea, lakini ulimi haukujua likizo.

Fundi aliyataka makavu, kwa hiyo alimwaga kikombe kimoja tu. Makaa yalilia chwaa, kisha kimya. "Yamekufa hayo," alisema. Mvua ilipoanza, aliyatia kwenye gunia, akaliegemeza chumbani kwa mama, akafunga dirisha na mlango.

"Mgeni gani huyu unaniletea?" mama alifoka. Akalilalamikia gunia, akailalamikia mvua, akailalamikia chai isiyo na sukari. Halafu akanyamaza.

"Afadhali," fundi alimwambia mkewe akicheka. "Leo redio imeisha betri."

Mkewe aliacha kupiga cherehani. "Baba watoto, mama hunyamaza lini? Hata usingizini huongea."

Kicheko kilimkauka fundi. Aliita. Kimya. Aliita tena. Kimya.

Aliusukuma mlango, akapigwa na joto zito na hewa yenye sumu ya makaa yaliyokuwa bado yakifukuta guniani. Mama alikuwa amelegea kitandani kama nguo iliyolowa. Fundi alimshika kwapani, mkewe miguuni, wakamtoa mbiombio hadi barazani. Hawajamlaza vizuri, hewa ikalifikia gunia. Puu! Moto ukaruka na kukumba kitanda.

Majirani walikuja na ndoo. Fundi hata hakuwaona. Alikuwa amepiga magoti, sikio kifuani mwa mama, akimsihi amfokee, amtukane, aseme lolote.

Hatimaye mama alikohoa, akafumbua jicho moja.

"Maji," alinong'ona.

Fundi alikurupuka kutafuta kikombe.

"Si ya kunywa, mjinga wewe! Ya makaa!"

Fundi aliangua kilio cha furaha. Tangu siku hiyo makaa yake huyazima kwa ndoo nzima, na mama akitulia hata kidogo, huitupa nyundo akaenda kumchungulia. Kwani amekwisha kujionea kwa macho yake kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.