Malkia Aliyeikataa Sifa ya Mvua

Wapokezi wa habari za waja wema wametufikishia kwamba katika nchi ya Korea, zama za kale mno, alitawala malkia mwadilifu aitwaye Myoran. Watu wale walikuwa na desturi nzito: mvua ikikatika, mwenye taji ndiye mwenye dhambi, na damu yake humwagwa ili mbingu ziridhike. Basi ukame ukashuka, mashamba ya mpunga yakapasuka, na wakuu wa nchi, mabingwa wa kulaumu, wakamhukumu malkia auawe kesho yake adhuhuri.

Mnajimu wake, mzee Dalgu, alimpenda kama binti yake wa kumzaa. Asubuhi ya siku ya kuuawa malkia alipanda mnara wa mawe, na lo! Mawingu mazito yalikuwa yamejikusanya nyuma ya milima ya kusini, na upepo umegeuka. Akashuka mbio kwa furaha.

"Bibi yangu, mvua i njiani! Panda madhabahuni sasa hivi, uombe mbele ya watu. Ikinyesha watasema ni dua yako, na hapana atakayekugusa."

Malkia akamgeukia. "Mzee wangu, wataka nimwibie Mola sifa yake?"

"Nataka uishi, bibi yangu!" Dalgu akaangua kilio.

Malkia akapanda madhabahuni miguu mitupu, akavua taji. "Enyi watu, Dalgu ameona mawingu. Mvua inakuja. Sikuizuia, wala si mimi niiletaye. Mkitaka damu yangu, ichukueni kabla tone halijaanguka, msije mkanisifu kwa jambo lisilo langu."

Waziri Gilmun, aliyeshika upanga wa kumuua, akaushusha. Ndipo mvua ikashuka, subhana-Llah, na watu wakaanguka kifudifudi wakimsihi avae taji.

"Sivai," akasema, "mpaka mfute desturi hii."

Wakaifuta palepale, matopeni. Dalgu hakuweza kuinua uso kwa haya iliyomshika. Alitambua kwamba hila yake ingemwokoa malkia peke yake, na ukame mwingine ungemchinja atakayemrithi.

Ndugu zangu, kusema kweli ni rahisi tukiwa salama. Tumuombe Mola atupe ulimi wa Myoran siku ambayo upanga uko mbele yetu na uongo uko karibu.