Digidigi Aliyeiambia Miguu Yake Dede

Paukwa!

Pakawa!

Mbona wameitika wawili tu? Hao wengine najua wanatafuna karanga zangu badala ya kuzimenya. Haya, paukwa tena!

Pakawa!

Hapo sawa. Wanasema anayetoa hadithi mchana huota mkia. Mimi nimezitoa mchana tangu sijaolewa, na kila nikijipapasa sikuti kitu. Basi menyeni karanga, mnisikilize.

Hapo zamani za kale, kulikuwa na nchi kavu yenye kisima kimoja tu. Asubuhi maji yake yalikuwa safi, unaona mpaka chini. Jioni, wanyama wakishakanyagana humo, yalikuwa tope tupu.

Nani anywe asubuhi, nani anywe jioni? Wanyama walitunga sheria. Kila kiangazi kikianza, kila ukoo unatoa mrukaji mmoja aruke korongo la kisimani, lenye tope chini. Anaruka mara tatu. Akivuka hata mara moja, ukoo wake unakunywa asubuhi kiangazi kizima. Akishindwa zote tatu, ukoo wake unakunywa jioni.

Na kulikuwa na desturi. Kabla ya kuruka, mrukaji anapanda juu ya jiwe na kujigamba kwa sauti, wote wasikie. Asiyejisemea haruki. Mwamuzi alikuwa Mbuni, na Mbuni hakuwa na mchezo.

Sasa, ukoo wa Digidigi ulikuwa umekunywa tope viangazi viwili. Mnamjua digidigi? Yule mnyama mdogo, miguu myembamba, macho makubwa kama ya mgeni aliyepotea njia. Mama yake Digidigi alikuwa anaumwa tumbo kwa sababu ya lile tope. Alikonda mpaka mbavu zikahesabika. Digidigi alimtazama akasema, "Mama, mwaka huu naruka mimi."

Na kuruka alijua! Nyumbani alikuwa anaruka kichaka cha miiba kipana kuliko korongo lenyewe. Lakini nyumbani hakukuwa na watu. Na hakukuwa na Nyani.

Nyani huyo kila mwaka alivuka bila shida. Lakini alikuwa na hila zake. Alijua koo zikivuka chache, maji safi yatabaki mengi kwa nyani. Kwa hiyo alikaa ukingoni tangu alfajiri, anapiga mapaja na kumwimbia kila mrukaji:

"Utaanguka, utaanguka, utaanguka topeni!"

Akaja Swala. Akapanda jiweni, akajigamba, "Mimi ni Swala! Nikiruka, ardhi inaniuliza nimekwenda wapi!" Nyani akaimba, Swala hata hakugeuka. Ruu! Akavuka.

Ikafika zamu ya Digidigi. Akapanda jiweni, akawaona wanyama wote wanamtazama. Atasema nini? Akafikiri, nijigambe kama wakubwa. Akapaza sauti, "Mimi ni Simba! Mimi ni radi! Nikipita, milima inakimbia!"

"Simba wa kula majani!" Nyani akapiga kelele, na wanyama wakacheka mpaka Ngiri akajikalia mkia. "Utaanguka, utaanguka, utaanguka topeni!"

Digidigi mwenyewe alijua amedanganya. Akakimbia huku akimtazama Nyani. Chubwi! Akaanguka topeni mpaka masikioni.

Akatoka, akajipangusa. Aibu ilimkaba. Mara ya pili akapanda jiweni polepole, akainamisha kichwa. Akasema, "Samahanini, wakubwa zangu. Mimi ni Digidigi tu. Miguu yangu hii mnaiona ilivyo. Nadhani nitaanguka."

Nyani hakuwa na haja ya kuimba, ila aliimba tu kwa raha zake. Digidigi akakimbia. Miguu ilikuwa imesikia amri, ikatii. Chubwi!

Ikabaki mara moja. Msicheke! Ingekuwa mama yako anayekunywa tope, ungecheka?

Digidigi akaenda kwa mama yake, aliyekuwa amelala chini ya kichaka, akalia. "Mama, siwezi. Nikijikweza naanguka. Nikijishusha naanguka. Nitasema nini mimi?"

Mama akamlamba tope usoni. Akamwuliza, "Mwanangu, siku ya kwanza uliposimama, miguu yako ilitetemeka kuliko leo. Nilikuambia wewe ni simba?"

"Hapana, mama."

"Nilikuambia utaanguka?"

"Hapana."

"Nilikuambia nini?"

Digidigi akakumbuka. "Uliniambia: dede, mwanangu, dede."

"Na ukasimama. Basi leo mimi sina nguvu ya kufika pale jiweni. Jiambie mwenyewe."

Digidigi akarudi. Akapanda jiweni mara ya tatu. Hakuwatazama wanyama. Hakumtazama Nyani. Aliitazama miguu yake minne, akaiimbia. Itikieni na ninyi, acheni karanga kidogo:

*Dede, miguu yangu, dede!*
*Kichaka mliruka, dede!*
*Na korongo mtaruka, dede!*
*Kimbieni, kanyageni, rukeni, dede!*

Wanyama wakashangaa. "Hayo ni majigambo gani? Anabembeleza miguu kama mtoto mchanga!" Ngiri akamgeukia mwamuzi. "Mzee Mbuni, hiyo inakubalika?"

Mbuni akakuna shingo yake ndefu, akachukua muda wake. "Desturi inasema mrukaji ajisemee mbele ya watu. Amejisemea. Aruke."

Nyani akaona mambo yanaharibika. Akaimba kwa nguvu zote, mate yanaruka, "Utaanguka! Utaanguka! Utaanguka topeni!"

Lakini masikio ya Digidigi yalikuwa yamejaa wimbo wake. Dede, akakimbia. Dede, akakanyaga ukingo. Dede, akaruka! Alikwenda juu, akashuka ng'ambo, nyasi kavu zikalia chini ya kwato zake.

Vigelegele! Nipeni vigelegele! Digidigi mwenyewe aligeuka mara mbili kuhakikisha korongo limebaki nyuma. Kisha akacheka na kulia kwa pamoja.

Akabaki mrukaji mmoja. Nani? Nyani! Akapanda jiweni anajinyoosha, kifua mbele. Akafungua mdomo ajigambe. Lakini mdomo ule ulikuwa umeimba neno moja tangu alfajiri, haukuwa na jingine. Ukasema, "Utaanguka, utaanguka, utaanguka topeni!"

Nyani akashtuka. Akajaribu tena, likatoka lilelile. Miguu yake ikamsikia. Chubwi mara ya kwanza. Chubwi mara ya pili. Chubwi mara ya tatu, mkia tu unaonekana! Kiangazi hicho ukoo wa nyani ulikunywa jioni, na nyumbani Nyani aliulizwa maswali na mkewe ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto.

Kesho yake asubuhi Digidigi alimkokota mama yake hadi kisimani. Mama akanywa, akanywa, akanywa. Alipoinua kichwa, mdomo unachuruzika maji safi, akasema, "Mwanangu, haya maji yana baridi." Akainama, akanywa tena.

Basi wanangu, ninyi mnaokimbia, mnaocheza mpira, mnaoruka kamba, sikieni. Ukisimama uwanjani, mtu wa kwanza kukusemesha ni wewe. Usijidanganye kuwa simba, wala usijitukane. Kumbuka ulichokwisha kufanya, kisha jisemeshe kama anavyokusemesha anayekupenda. Na wewe unayekaa pembeni kuwazomea wenzako, zamu yako ipo.

Hadithi yangu nimeimenya yote. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni maganda.