Pipa la Mzee Chilewa

"Pipa la mzee nalo huonjwa." Vijana wa Mlowezi waliisikia kauli hiyo asubuhi, mama mmoja alipoisema akiitikisa ngazi iliyoundwa na fundi mashuhuri, kabla ya kuipanda. Wakamwendea Bibi Mbeza, aliyekuwa akibangua karanga, kumuuliza ilikotoka.

"Nina swali ambalo mpaka leo sijalipatia jibu," akasema. "Aliyeiharibu divai ya mlima wetu ni yule aliyeleta siki, au ni wale walioinusa wakanyamaza? Maana methali hii ilizaliwa hivi."

Kileleni mwa Mlowezi, ambako siku hizi huota alizeti, palikuwa na mizabibu. Baridi ya huko juu iliyafanya maganda ya zabibu kuwa mazito, na divai yake ilikuwa nyekundu ya kukolea. Kila kaya ilichachusha zabibu zake katika pipa lake. Kisha mapipa yote yakamiminwa katika tangi moja, ukali wa hili ukatulizwa na ulaini wa lile. Kabla ya kumimina, mchanganyaji alionja kila pipa na kutema. Moja tu halikuonjwa: la Mzee Chilewa, aliyeipandisha miche ya kwanza mlimani kwa mgongo wake. Kulionja kulikuwa sawa na kumwambia, "Hatukuamini."

Mwaka huo mchanganyaji alikuwa Sechelela, mke wa Ndahani, mwana wa mzee huyo. Mnunuzi wa mjini alikuwa ameahidi kuichukua divai yao kila mwaka, iwapo hiyo ya kwanza ingempendeza. Ukame ulikuwa umewachosha watu. Walikwisha kukubaliana kwamba mnunuzi huyo akiikataa, mizabibu ing'olewe.

Kizibo cha pipa la mzee kilipotoka, harufu kali ikampanda Sechelela puani. Uzee ulikuwa umemnyang'anya mkwewe uwezo wa kunusa, naye hakujua kwamba hewa imeingia pipani na kuiharibu divai.

"Baba Nyendo," alimnong'oneza mumewe, "pipa la baba limegeuka siki."

"Nimesikia harufu. Nenda kamwambie wewe. Mimi mdomo huo sina."

Masima, mdogo wake Ndahani, akacheka chini chini. "Shemeji, pua yako imeanza lini kuwahukumu wakwe? Mimina. Tangi ni kubwa, litaimeza."

Mzee alikuwa ameketi karibu, akitabasamu, akingoja kupigiwa makofi kama ilivyokuwa desturi. Sechelela akamimina. Makofi yakapigwa.

Mnunuzi alipofika, alionja mara moja, akaiweka bilauri chini polepole kama mtu anayefunika maiti. Akaaga kwa adabu, gari lake likashuka mlima. Mzee Chilewa akaichukua bilauri ile, akanywa.

"Mbona nzuri?" akauliza. "Amekosa nini?"

Sechelela akapiga magoti mbele yake. "Baba, ni pipa lako. Lilikuwa siki."

"Ulijua lini?"

"Kizibo kilipotoka."

"Na hawa wengine?"

Hakuna aliyeinua uso.

"Basi mlikwisha kunizika," mzee akasema taratibu, "mkasahau kunifukia."

Mizabibu iling'olewa. Mzee aliketi akiwa amekipa kilele mgongo, naye hakuzungumza tena na yeyote kuhusu zabibu hadi alipofariki. Sechelela alibeba mashina mpaka mabega yakachubuka, na kila shina lilimwuliza kwa nini neno moja lilimshinda.

Watu walipokusanyika kugawana mashina hayo yawe kuni, alisimama katikati yao. Tangi lilikuwa tupu, na huko juu hapakubaki hata mche mmoja.

"Najua hakuna cha kuonja tena," akasema. "Lakini sikieni. Tangu leo, chochote nitakachokabidhiwa kwa niaba ya wengi nitakionja kwanza, kiwe cha mtoto au cha mkwe. Asiyetaka, asinikabidhi. Pipa la mzee nalo huonjwa."