Jina Jipya la Tausi

Sogeeni, nyie hodari wa kuhukumu watu. Leo nina kesi, na nimekuja nayo nikiwa na hasira.

Walikuwepo wanawake watatu. Nunuu, msusi wa mikeka, alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu. Ramla wa maabara alijua kusoma damu. Nesi Hidaya alizijua dawa zote za kabati lake. Na alikuwepo Mashavu, ambaye watu hawakumsifia kipaji chochote. Yeye alikuwa na kichanga chake, Tausi, aliyeanza kukakamaa akiwa na siku tatu tu duniani.

Nunuu alikuwa wifi yake. Kila mtoto alipokakamaa, alisuka ukindu mmoja kwenye ukili, ule mkanda wa kushonea mkeka: mwekundu mwili ukivutwa kushoto, mweusi ukivutwa kulia. Mwenye macho angeona kwamba hilo si degedege la homa. Lakini ukili aliuficha wiki tatu, huku akiwaambia majirani kuwa maziwa ya Mashavu yana kasoro. Mashavu aliyasikia hayo dirishani, akameza.

Nunuu alipoutoa ukili mafichoni, ulipelekwa mjini kwa Ramla pamoja na damu ya mtoto. Ramla aliutazama, akajua pa kutafuta, akapata.

"Seli za ubongo zina milango ya kutolea potasiamu," alimweleza Mashavu kwa simu. "Potasiamu ikitoka, seli inatulia. Milango ya Tausi haifunguki vizuri."

Maelezo mazuri. Ila jibu lilikuwa limelala mezani kwake siku kumi na tisa likisubiri sahihi ya mkubwa wake, na mtoto alikakamaa siku zote hizo.

Hidaya aliposoma jibu, alimbana daktari wa wilaya mpaka akakubali kubadili dawa, wakaweka ile inayoziba milango mingine, milango ya kuiwasha seli. Alipima dozi mwenyewe, asubuhi na jioni. Siku ya nne Tausi akatulia, na ametulia mpaka leo. Dawa hiyo ilikuwamo kabatini tangu siku ile ya kwanza Hidaya alipomwambia Mashavu, "Sema ukweli, mama, umemwangusha mtoto."

Basi ukoo ukaamua kwamba jina la Tausi limemwelemea mtoto. Abadilishwe, apewe la aliyemponya.

"Bila ukili wangu mngetafuta nini?" Nunuu akauliza, siku walipokutana kumpa mtoto jina.

"Na bila jibu langu mngempa dawa gani?" Ramla akasema.

"Jibu linamezwa?" Hidaya akadakia.

Mashavu alikuwa amempakata mtoto. Nunuu akatia ubani chetezoni, maana jina hutamkwa kabla ubani haujaisha. "Haya wifi, tamka."

Mtoto akanyoosha mkono wa kushoto. Wanawake wote wanne wakaacha kupumua. Mkono ukaishika pua ya mama yake, ukaivuta.

"Kama mngefanya mapema," Mashavu akasema taratibu, "mtoto angeepuka kukakamaa mara ngapi?"

Na ukili ulikuwa pale pale mkekani, wa kuhesabu.

Msiniambie watatu wote, mtoto haitwi majina matatu. Kama mmoja wao asingekuwepo, Tausi asingepona; na kila mmoja alimchelewesha. Mashavu atalitamka jina hilo kila siku ya maisha yake, na ubani unakwisha. Je, wewe ungemwita mtoto huyu nani?