Ngiri, Toroli na Uso wa Mama Mkwe

Paukwa!

“Pakawa…”

Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!

“PAKAWA!”

Haya. Zamani hizo, nyie hamjawa hata wazo, palikuwa na kijana Ngiri. Alimposa Mwatumu, binti wa Bi Mkunjo. Bi Mkunjo akamtumia mjumbe: “Nijengee jiko la matofali. Likisimama kabla ya mvua, harusi. Mvua ikitangulia, namwoza Nguruwe.”

“Nguruwe mchafu, Bibi!”

Mchafu, lakini alishajenga majiko mawili. Nyamaza, Tunu.

Sasa kwao ilikuwa mwiko kutazamana uso kwa uso na mama mkwe. Na njia ya kupitishia matofali ilikuwa mbele ya kibaraza cha Bi Mkunjo! Ngiri akafikiri kwa kichwa kile kile cha ngiri. Akajaza toroli mpaka matofali yakampita masikio. “Hapo hanioni, simwoni. Heshima hiyo!”

Toroli akasema:

“Punguza, Ngiri, punguza. Nina gurudumu moja, macho sina. Macho ni yako.”

“Kimya, bati wee!”

Akasukuma. Guru, guru, guru… kacha! Akavunja mtungi wa maji.

Je, alipunguza?

“Hakupunguza!”

Safari ya pili akarundika vile vile, tena yote upande wa mikono. Toroli akasema:

“Punguza, Ngiri, punguza. Nina gurudumu moja, macho sina. Macho ni yako. Na mzigo uweke mbele, juu ya gurudumu, utakuumiza kiuno!”

“Kimya, bati wee!”

Akainama, magoti kayanyoosha kama mlingoti, akanyanyua. Kiuno: ka!

“Alilia, Bibi?”

Kama wewe ukisukwa nywele.

Mara wingu likatanda. Ngiri akaona Mwatumu anamponyoka. Safari ya tatu akajaza kuliko zote, akashika mteremko, kiuno kimepinda. Toroli akalia:

“Punguza, Ngiri, pu…”

Wapi! Mzigo ukawavuta wote wawili. Guru-guru-guru-guru! Na pale chini, katikati ya njia, kitinda mimba wa Bi Mkunjo anatambaa, anakula mchanga.

“Uwii!”

Bi Mkunjo akapiga kelele, “Ngiri! Mtoto!”

Ngiri hakumwona mtoto. Alisikia tu. Akapindua toroli ubavuni, matofali yakamwagika yote, moja likatua kwenye mguu wake. Mtoto mzima, anacheka. Na Ngiri kaanguka miguuni pa mama mkwe, uso kwa uso. Akajifunika haraka kwa mikono.

“Toa mikono,” akasema Bi Mkunjo.

“Mama, ni mwiko…”

“Mwiko wa kuniua mtoto? Nisikilize, baba. Wewe kazi yako kutazama njia. Kujificha niachie mimi, kanga ninayo.”

Akajitanda kanga mpaka puani, akageukia ukuta. “Haya, pita. Nusu toroli.”

Ngiri akapita nusu nusu, anachechemea, njia anaiona. Nusu nusu, mpaka tofali la mwisho. Akajenga, akaezeka. Tone la kwanza la mvua likaangukia paa la jiko. Mwatumu ndani, anapika pilau ya harusi yake mwenyewe.

“Na Nguruwe?”

Alialikwa. Alikula sana.

Basi, wajukuu zangu, mkienda kazini na toroli, mzigo usiwazibe macho. Ukizidi, rudi mara ya pili. Kurudi hakujamuua mtu. Hadithi yangu naitua hapo. Shomari, toa kidole puani.